Namba ya Kufungulia Mlango

Ndoa ilishafungwa barazani, wazee walishakula halua na kunywa kahawa, na mimi, bwana harusi kutoka Kilwa Masoko, nilisimama nje ya chumba cha mke wangu kule Miteja, jasho linanitiririka ndani ya kanzu. Kwetu bwana harusi hapiti hivi hivi kwenda kumpa mkono mkewe. Shangazi za bibi harusi huziba mlango mpaka wapewe chochote. Bahasha nilikuwa nayo. Hawakuitaka.

"Tumesikia unajivuna kwa hesabu," alisema shangazi mkubwa, mwalimu wa hesabu wa sekondari. "Tupe namba ya malaki isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikiigawa isibaki kitu, unatuchezea hapo hapo."

Kujivuna kweli najivuna. Nikiona namba ya gari tu, lazima niitafutie vigawanyo. Dada yangu alikuwa amenionya: "Mdogo wangu, mtoto wa watu utamchosha. Fungate haitaisha atakuwa keshaomba kurudi kwao." Nilicheka, lakini maneno yale yaliniingia. Na mke wangu tulikuwa tumezungumza mara chache tu, mbele ya watu, na sikuthubutu kumgusia habari hizi. Niliogopa kwelikweli.

Basi nikachukua mia moja thelathini na saba, ambayo nina hakika haigawanyiki, nikairudia mara mbili mfululizo. Nilidhani ikirudiwa itazidi ubishi.

"137,137!" nikatamka, kidevu juu.

Shangazi hakuomba hata kalamu.

"Mwanangu, hii ni doti ya kanga ambayo haijakatwa. Vipande viwili, mji ule ule wa katikati, pindo lile lile. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiunga na pacha wake, umeizidisha kwa elfu moja na moja. Na elfu moja na moja inagawanyika kwa saba. Haya, cheza!"

Vigelegele vikapasua paa. Nikatikisa mabega, kanzu inanitega miguuni.

"Na kwa kumi na moja!" akaongeza, nikacheza tena. Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikajisemea, kwisha habari yangu, mwenyewe yuko humo ndani anasikia kila kitu.

Sasa, bibi harusi kwetu hukaa kimya chini ya shela mpaka mume aingie. Hata kikohozi hukimeza. Lakini sauti ilitoka chumbani, kavu kabisa:

"Shangazi, umesahau kumi na tatu!"

Mlangoni wote wakaangua kicheko. Shangazi alijishika kiuno.

"Mpisheni apite. Hawa wawili hawatuhitaji."

Nikaingia. Nilipoushika mkono wake, furaha ilinijaa hata dua niliyofundishwa ikanipotea yote. Akaniangalia kutoka chini ya shela.

"Soma dua kwanza," akanong'ona. "Halafu nitajie nyingine, ya milioni."