Koti la Bweni Zima

Koti lilipoingia mara ya sita, Mangala Deshkar aliweka kalamu chini. Lilikuwa lile lile jeusi, lenye doa la manjano la dengu kwenye mfuko wa kushoto, linalonuka dawa ya nondo. Kilichobadilika ni mtu aliyemo ndani yake tu.

"Mwanangu, udhaifu wako ni nini?"

"Nafanya kazi kupita kiasi, Madam!" akajibu kijana, kifua mbele.

Phadnis, mwenzake wa kuuliza maswali ya kompyuta, akajifanya anakohoa. Huyu alikuwa wa sita kufanya kazi kupita kiasi tangu asubuhi. Mungu wangu, chuo kizima na udhaifu mmoja!

Miaka kumi na mmoja sasa, kila msimu wa ajira, Mangala alipanda treni kutoka Pune hadi Nagpur kusaili wahandisi watarajiwa. Alijua fika kwamba bweni lina koti moja, na kwamba anayetoka humvulia anayeingia hapo hapo koridoni, akimnong'oneza maswali na majibu. Yeye mwenyewe enzi zake alisailiwa akiwa amevaa sari ya kuazima. Kwa hiyo hakukasirika. Alichoka tu, tena alichoka vibaya.

Alichotaka ni mtu mmoja. Kampuni yao ilitunza programu kuukuu ya benki, umri wake miaka ishirini na miwili, viraka juu ya viraka. Kila kijana aliyempeleka aliitazama, akatimua mbio kabla ya miezi mitatu. Bosi alishamwambia wazi: safari hii ukileta mkimbizi mwingine, usaili basi, utahamia kupanga keki za siku za kuzaliwa za wafanyakazi. Keki! Umri huu!

"Utakubali kutengeneza programu ya zamani?" akamuuliza wa sita.

"Mimi nataka kuibadilisha dunia, Madam."

"Haya, nenda kaibadilishe. Mwite mwenzako."

Wa saba, Tukaram Wasnik, alikuwa na mabega mapana kama mlango. Alipoinama kusalimia, koti likapasuka mgongoni, chaaa, kutoka kolani hadi kiunoni. Phadnis akaangua kicheko, chai ikampitia puani.

"Nimekwisha!" Tukaram akashika kichwa. "Madam, kuna mwenzangu mmoja nyuma yangu. Atavaa nini?"

Mangala akachomoa pini mbili zilizoning'inia kwenye bangili zake. "Chukua, bana na hizi."

"Ahsante, Madam, lakini pini itashika leo, kesho itachana kwingine." Akalivua, akaketi, akatoa sindano na uzi kwenye faili la vyeti. "Baba hushona sare za shule kwetu Gadchiroli. Naomba mniulize huku nashona."

Phadnis akamuuliza, naye akajibu bila kuinua macho. Mara akasita, akalisogeza koti dirishani.

"Kuna nini?" Mangala akauliza.

"Koti hili limeshonwa mara nyingi, Madam. Huyu wa kwanza alikuwa na haraka zake. Ila wa pili, aisee, alijua kazi! Mshono wake siufumui. Naanzia alipoishia."

Moyo wa Mangala ukamruka. Akajikaza, akauliza kama kawaida, "Na udhaifu wako?"

Jibu la koridoni lilikuwa limemtoka Tukaram kichwani kabisa. "Nikiona kitu kimechanika, Madam, silali."

Phadnis aliacha kucheka.

Tukaram akakata uzi kwa meno, akashukuru, akatoka na koti mkononi. Punde likarudi, ndani yake safari hii yumo kijana mwembamba aitwaye Chinmay. Hata kiti hajakivuta.

"Madam, udhaifu wangu, nikiona kitu kimechanika silali!"

Mangala akausukuma mezani mkoba wake, uliokatika kamba tangu stesheni. "Vizuri sana. Basi nishonee huu, mwanangu, upate usingizi."

Chinmay akautazama mkoba. Akamtazama Phadnis.

"Kwa kweli, Madam... huwa nafanya kazi kupita kiasi."

Mangala alicheka hadi machozi, akamruhusu aende. Kijana alipogeuka, Mangala aliutazama mgongo wa koti. Mshono ulikuwa umenyooka, na uzi wa yule fundi wa pili ulikuwa bado uko pale pale, haujaguswa. Akaandika jina la Tukaram, kisha akampigia bosi simu na kumwambia atafute mtu mwingine wa keki.