Mjane Aliyelizwa na Mkasi

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Mkasi alikula kwa kukata maneno ya watu. Alikuwa mhariri wa filamu za makala, zile za watu wa kweli na maisha yao, na jina hilo wenzake walimpachika kwa sababu mama huyu aliweza kukata sentensi katikati, akaiunga na nyingine, usione hata kovu. Pale kiungo kilipogoma, alikifunika kwa picha ya mikono au ya sufuria jikoni, na mtazamaji akaendelea kusikiliza, hana habari. Hakuwahi kuona ubaya. Watu huzungukazunguka wakisema. Yeye aliwanyoosha, basi.

Ndipo ilipoletwa filamu ya Mama Mashuka.

Mama Mashuka alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, akaachishwa kazi siku mashine zilipofika. Fundi Mkasi alikaa na sauti yake masikioni wiki tatu, akamzoea kama shangazi yake. Alipoulizwa habari za marehemu mumewe, mama huyo, huku akikunja nguo, alijibu bila kupepesa macho: "Alinipiga miaka kumi na minne. Siku tuliyomzika nililala usingizi mpaka jua likaniwakia usoni."

Siku nyingine alisimulia habari za paka aliyekuwa akilala kwenye vikapu vya nguo chafu, akagongwa na toroli. "Nilimlilia mwaka mzima," alisema. "Mpaka leo mlango ukilia nadhani ni yeye."

Mwongozaji wa filamu alikuja kutazama kazi, mkononi mayai mawili ya kuchemsha. Akayamenya juu ya meza ya Fundi Mkasi, maganda yakadondokea kwenye vitufe.

"Hiyo ya kupigwa toa," alisema mdomo umejaa. "Nani atampenda mjane mwenye roho ngumu hivyo? Chukua ile 'nilimlilia mwaka mzima', iweke hapo."

"Bosi, hiyo ni ya paka."

"Kwani amemtaja paka hapo?"

Kweli, hakumtaja. Mtu analiliwa, na paka analiliwa, kwa neno lile lile.

"Halafu uweke yale machozi ya alipokuwa anapuliza jiko."

"Ule ni moshi. Na huyo mume alimpiga, bosi."

"Si amekufa? Hatakuja kulalamika." Akacheka, kiini cha yai kimemgandia kwenye meno.

Fundi Mkasi akafanya. Mikono iliijua kazi kuliko kichwa. Nusu saa haikupita, mjane akawa anamlilia mumewe, na kilio kikapendeza hasa, hata machozi yakamlengalenga mhariri mwenyewe. Hapo ndipo alipojishtukia. Alikimbilia sinki akatapika, na si kwa sababu ya yai. Alijaribu kukumbuka ni wangapi wengine aliowanyoosha namna hiyo, akashindwa.

Asubuhi alibeba kompyuta mpaka kwa Mama Mashuka. Mama alitazama kile kipande mara moja, akaomba kirudiwe, akatazama tena, shingo imemkakamaa.

"Nani kanifanya hivi?"

"Mimi, mama."

"Kumbe." Alimtazama kama mtu anayetazama doa lisilotoka. "Afadhali yule marehemu. Kofi lake niliona linakotoka."

Walifuatana mpaka ofisini. Mwongozaji aliwavutia viti, akatoa karatasi. "Mama, uliweka sahihi. Maneno yote ni yako, sauti ni yako. Filamu zote hutengenezwa hivi, muulize mwenzangu huyu."

Mama Mashuka akamgeukia mhariri, akimngoja. Fundi Mkasi akatazama sakafu, kwa kuwa ndivyo zilivyotengenezwa, na kwa mkono wake. Alichoweza ni kusema kipande kile kitolewe, la sivyo jina lake lifutwe. Mwongozaji akafuta jina.

Siku ya kuonyeshwa, ukumbi ulijaa. Kilipofika kile kilio, watu walipenga kamasi safu kwa safu, na Fundi Mkasi, kiti cha nyuma kabisa, aliwatazama visogoni. Aliwaona wote kama watu wanaokula chakula alichokitemea mate.

Mwezi ulipokwisha alikwenda kumwangukia mama. Alimkuta na mawifi wawili, kitambaa kipya cha zawadi kipo mapajani mwake.

"Siku zote tulisema kaka yetu hakuwa mtu wa kumpiga mke," mkubwa wao alikuwa akisema. "Leo umekiri mwenyewe, dunia nzima imekusikia."

Mama Mashuka aliinua macho. "Huyu hapa. Wajibu wewe, fundi."

"Alikuwa anamlilia paka," Fundi Mkasi alisema. Akawaeleza yote, moshi na kukata na kuunga, na yale ya miaka kumi na minne aliyoyatupa. Wifi mkubwa akasonya, akanyakua kitambaa chake, mdogo akatema mate kizingitini, wakaenda zao.

Mama Mashuka hakumshukuru. Alichukua maji akasafisha kizingiti, taratibu.

"Hao ni wawili," alisema. "Wale wa ukumbini utawaambia lini?"

Kazi ya mkasi Fundi Mkasi aliiacha wiki ile ile. Jibu hajalipata mpaka leo.