Jina Nililoliruka Mbele ya Wazee

Vijana mtakaosoma haya, mliozaliwa Fittja na Farsta na vitongoji vingine vya hapa Stockholm, mnaosoma Kiswahili huku mkiburuta kidole chini ya mstari: siandiki ili mnionee huruma. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imekosewa, pitieni tu. Kosa ninalotaka mlione si la herufi.

Chokaa iliyotoka tanurini ikimwagiwa maji hunguruma kama chungu kilichofunikwa, kisha hutoa harufu kali inayopanda puani na kukausha koo. Kwangu harufu hiyo ndiyo babu yangu, Sangwa. Alikuwa mchoma chokaa katika nchi ya baba yangu, nyuma ya Kalemie, siku mbili kwa miguu kutoka ziwani, penye vilima vya mawe meupe ambavyo mito imevitoboa, maji yanaingia upande huu na kutokea upande ule. Babu alipasua mawe, akayapanga na kuni tabaka juu ya tabaka, akayachoma siku tatu bila kulala vizuri. Chokaa nayo ilimla. Nyusi hakuwa nazo, macho yalikuwa mekundu, na mikono ilikuwa na mabaka meupe mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akishuka mjini kwetu Kalemie na mizigo ya chokaa ya kupaka kanisa na shule, na mimi nikimwona sokoni nilijificha nyuma ya wauza dagaa. Siku moja Feza, binti wa jirani tuliyekaa naye dawati moja, akaniuliza, "Yule mzee mwenye ukoma ni nani wenu?" Nikamjibu kwamba ni mpagazi tu. Babu alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, ananitafuta kwa macho, mkononi ana muwa alioniletea.

Alikufa mwaka niliotimiza miaka kumi. Kiangazi kilipofika baba alinichukua tukaenda kwao, na Feza tukaenda naye, maana mama yake alikuwa ametoka kujifungua na nyumba yao ilijaa wageni. Nakumbuka njia ile yote. Tulivuka mto mara tatu, maji baridi yenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji, na usiku vumbi jeupe lilitutoka masikioni. Juu ya vilima, kwenye midomo ya mapango, yalikuwepo mahekalu ya kale, vyumba vidogo vya mawe yaliyopangwa bila udongo, paa lao ni mwamba wenyewe. Hakuna aliyejua yalijengwa na nani. Ndani kulinukia popo, unga uliochacha na moshi wa zamani. Sisi tulikuwa Wakristo, na padre hakupenda safari hizo, lakini baba alisema kuwataja wazee si kuwaabudu, na mjadala ukaisha.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akishafariki, mjukuu wake wa kwanza, ambaye kwa Sangwa nilikuwa mimi, husimama mlangoni pa hekalu na kutaja ukoo, kuanzia kwake mwenyewe kurudi nyuma. Kila jina likitajwa, jiwe jeupe linawekwa chini, na yule marehemu mpya akishapata jiwe lake anahesabiwa na wenzake, anaitwa pamoja nao kila mavuno. Kinywa cha mtoto hakisaidiwi wala hakisahihishwi. Marehemu asipotajwa, hukaa nje mpaka mjukuu huyo akue, aje na mtoto wake mwenyewe wa kwanza, huyo ndiye arudie. Bibi, mke wa Sangwa, alinifundisha majina usiku mbili mfululizo. Jiwe la mumewe alilichukua mwenyewe tanurini kwake, akalibeba kiganjani njia nzima.

Nilisimama. Nyuma yangu Feza akaninong'oneza, huku anacheka kwa pua, "Taja basi, tumjue na huyo mpagazi wenu." Alikuwa ameelewa kwamba yule mzee wa sokoni ndiye babu yangu. Nikafikiria dawati letu, nikafikiria shule nzima ikiniita mjukuu wa mkoma. Nikasema kwa sauti safi kabisa, "Mimi Mapendo wa Kabamba, Kabamba wa Mulongo," nikaendelea mpaka jina la tisa. Kabamba ni baba yangu. Mulongo ni baba yake Sangwa. Sangwa mwenyewe nilimruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Mzee mlinzi wa hekalu akakohoa, akasubiri, kisha akaokota kapu lake la mawe. Baba alitazama chini. Bibi alibaki ameshika jiwe.

Hakunipiga. Tulipofika mtoni akanawa uso, akaniuliza, "Mapendo, babu yako alikuwa anakutisha?"

"Nilisahau, Bibi."

"Umemsahau wa juzi, ukamkumbuka wa tisa?"

Alilifunga jiwe kwenye pindo la kitenge chake, na baba aliniambia baadaye kwamba alikaa nalo mpaka alipokufa. Mtoto wangu wa kwanza angeenda kulirudia jina. Vita ikaja kabla, huyo mtoto nikamzaa katika kambi ya wakimbizi, na safari iliyofuata ikanileta hapa Bredäng, Stockholm.

Hapa nimeosha ngazi na ofisi miaka mingi, na sabuni imenipasua vidole kama udongo wa kiangazi. Wajukuu zangu wananishika mkono huohuo kwenye treni, mbele ya wenzao, wala hawageuzi uso. Hiyo inaniuma kuliko tusi. Juzi Elia, mwenye miaka tisa, mtoto wa huyo mwanangu wa kwanza, alikuja na karatasi ya shule, achore ukoo wake. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yao: baba yake baba yako aliitwaje? Nikajua kwamba nikitaja jina, litafuata swali la pili, na la tatu, mpaka tufike hekaluni. Nikamwambia sijui.

Mama yake, Nadine, Mrundi mwenye maneno yake, akageuka kutoka jikoni. "Mama, kweli? Mimi wa kwetu nawajua mpaka wa sita, na mimi ndiye mnaniita msahaulifu!"

Nikamjibu, "Vita ilinisahaulisha."

Akanipa pole. Elia akachora duara, ndani akaweka alama ya kuuliza. Wako watu hapa Stockholm ambao vita iliwanyang'anya kweli majina ya wazazi wao, na mimi nimekwenda kuazima msiba wao nifunike aibu yangu. Nilikuwa na miaka kumi, nikasema uongo. Leo nina mvi kichwa kizima, nimeusema tena.

Asubuhi ya leo niliwaita wote mezani. Nikasema: Elia, toa karatasi. Futa alama hiyo, andika Sangwa. Chini yake andika kwamba alichoma chokaa, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa kazi. Penye jina langu andika kwamba bibi alidanganya, mara mbili. Tumia kalamu ya wino. Na hapa mezani hanywi mtu chai kabla hujamaliza.