Shikamoo ya Adhuhuri

Hiki ninachokueleza kilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa, sikuwa nimelewa, na wala si mtu wa kuamini kila linalosemwa barazani. Nina stashahada ya elimu ya ndege niliyoipata ng'ambo kwa akili zangu, si kwa kubebwa na mjomba. Nalitaja hilo ili ujue anayesema nawe ni nani.

Baba yangu alikuwa msuka makuti pale Bagamoyo. Nilisoma kwa kibatari hadi nikapata nafasi ya kwenda kaskazini kabisa mwa Ulaya, kwenye pwani ambako bahari huganda ikawa kama sakafu. Huko ndiko nilikowaona sululu na vitwitwi, ndege wanaodonoa kwenye matope ya pwani, wakiwa kwao, wakijikusanya makundi kwa makundi kabla baridi haijawakuta. Mwalimu alituongoza siku nne kuwatazama, darubini shingoni. Nikawaambia wenzangu: hawa wanakwenda kwetu. Wakacheka. Nani kati yao angeamini kwamba kindege chenye uzito wa yai huruka hadi Bagamoyo?

Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya sabini, na suti mbili. Kampuni moja ya utalii ikanichukua kwa majaribio: niwaongoze Wazungu sita, watu wa nchi ileile niliyosomea, wakawaone ndege wao kwenye matope ya pwani yetu, kaskazini ya mji, upande wa kuelekea Saadani. Safari ikienda vizuri, nitapewa barua ya ajira ya kudumu. Na barua hiyo, niamini, haikuwa karatasi tu. Mzee Abdulrahman, mfanyabiashara wa Mji Mkongwe wa palepale Bagamoyo, alikuwa ameipokea posa yangu kwa binti yake Zuhura, lakini kwa sharti moja: kazi ya kudumu kwanza. Huyo ndiye aliyewahi kumwambia baba yangu kwamba mtoto wa makuti ataishia kwenye makuti. Unaona basi nilivyoitaka barua ile. Zuhura naye aliingoja. Alimtuma dada yangu aniambie kwamba amechoka kuhesabu Ijumaa.

Tulitoka alfajiri kwa Landrova, mwezi wa kumi, ndege wakiwa wamekwisha kufika. Dereva wetu alikuwa Bakari, mama yake ni wa Saadani, ulimi wake haujui kupumzika.

"Dokta wa ndege," akaniambia njiani, "hao wageni wako wenye mabawa wanakujua? Maana mmesoma chuo kimoja."

"Endesha gari, Bakari."

"Naendesha, bwana. Nauliza tu, nisije nikawapita bila heshima."

Siku ile ilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Ndege hawakutulia hata kidogo. Wanatua, wanainuka, kundi zima linageuka angani kama shuka inayokung'utwa, halafu linatua mbali zaidi. Tukahama mara tatu, nne. Wageni wakaanza kuguna. Bibi mmoja mwenye kofia pana aliniuliza tena na tena kama nina hakika kwamba hapa ndipo. Inakaribia saa sita, hawajamwona ndege hata mmoja kwa karibu, na mimi naiona barua yangu ikipeperuka. Nikawaacha kwenye kibanda kando ya mashamba ya chumvi wale mikate yao, nikashuka peke yangu matopeni kutafuta kundi lililotulia.

Bakari akaniita. "Saa hizi, bwana? Ngoja adhuhuri ipite. Kama huwezi kungoja, basi ukishuka toa salamu, hata kama huoni mtu."

"Nimsalimie kaa?"

"Kaa naye ana wenyewe," akasema, na safari hii hakucheka.

Sikutoa salamu. Mtu mwenye stashahada ayasalimie matope?

Maji yalikuwa yametoka mbali. Nilitembea kama robo saa, nikawapata: maelfu ya vitwitwi, wametulia, wanadonoa. Nikasimama mbali, kwa kuwa ukizidisha hatua moja wote wanakwenda. Ndipo nilipomwona mzee. Alikuwa anatoka upande wa bahari, amevaa kanzu iliyopauka, mgongo umepinda, kichwa cheupe kama chumvi, na anapita katikati yao. Hakuna ndege aliyeinuka. Unanielewa? Vitwitwi humkimbia hata mtoto wa miaka mitatu, lakini siku ile walidonoa baina ya nyayo zake kana kwamba hapiti mtu. Nikainua darubini nimtazame vizuri. Ndani ya darubini mlikuwa na ndege na matope. Nikaishusha: yupo, na amekaribia. Nikaiinua tena: hayupo.

Mwingine angekimbia. Mimi nilijiambia kwamba ni mvuke wa joto, kwa sababu niliwahi kusoma habari za mvuke wa joto.

Adabu ilinitaka nimwamkie, maana alikuwa rika la babu yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akawahi. Aliinamisha kichwa, akasema kwa unyenyekevu, "Shikamoo, bwana mkubwa."

Jiulize wewe ungefanyaje. Kwetu mzee hamwamkii kijana. Akikosea kwa kutoona vizuri, kijana hulikataa neno hilo na kumwamkia yeye. Hata mtoto wa chuoni anayeanza alifu analijua hilo. Nami nililijua. Lakini tangu nirudi nilikuwa nikingoja mtu wa Bagamoyo anione kuwa mkubwa, na huyu alikuwa wa kwanza. Moyo ukanijaa. Nikaitikia, "Marahaba."

"Umeipokea?" akauliza.

"Nimeipokea."

"Yote?"

"Yote, mzee."

Akashusha pumzi ndefu, kama hamali anayetua gunia. Halafu akanyooka. Mgongo ule ulinyooka mbele ya macho yangu, mifupa nikiisikia. Akanitazama usoni, uso wake sasa hauna hata kunyanzi, akasema, "Ahsante, babu." Kisha akatimua mbio kuelekea mikokoni, miguu ikirusha tope. Ndege wote wakainuka kwa mpigo mmoja, kwa sababu sasa palikuwa na mtu.

Nikageuka kurudi, na mgongo wangu ukakataa kunyooka. Njia niliyoijia kwa robo saa nilirudi kwa zaidi ya saa nzima, maji ya kujaa yakinigusa visigino. Nilipokaribia kibanda, Bakari alinijia mbio, akanishika mkono.

"Shikamoo, mzee. Pole na jua. Hukumwona kijana wetu huko? Mrefu, ana darubini."

Darubini ilikuwa shingoni kwangu. Aliitazama, akaniachia mkono, akarudi nyuma huku akisoma Ayatul Kursi. Kurudi mjini, bibi mwenye kofia alinipisha kiti chake cha mbele, akidhani mimi ni mzee wa huko anayesaidiwa njiani, na njia nzima akauliza kiongozi wao amebaki wapi.

Madaktari walinipima hadi wakachoka. Wakasema sina ugonjwa wowote ila uzee. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Barua haikuandikwa, maana nani amwajiri kiongozi asiyeweza kutembea matopeni? Nikaenda mwenyewe kwa Mzee Abdulrahman na pasi yangu ya kusafiria, nikamwonyesha picha na mwaka wa kuzaliwa. Akaigeuzageuza. "Huyu kijana ni nani wako?" akaniuliza. Nikamwambia ni mimi. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliagiza niletewe kahawa. Aliyeileta ni Zuhura. "Shikamoo, babu," akasema, akaweka kikombe, akaenda zake. Posa ilirudishwa wiki ileile. Mwaka uliofuata aliolewa Pangani.

Huu ni mwaka wa sita. Dada yangu mkubwa bado hujisahau akaniamkia, kisha hulia. Mimi situlii. Ndege wanapoanza kufika, miguu huniwasha, sikai ndani, sili vizuri, na adhuhuri hujikuta nimeshuka kulekule. Kufanya nini? Nitakwambia kweli: alichonifanyia yule, nami naweza kumfanyia mwingine. Mwaka juzi alikuja mwanafunzi mmoja, kifua mbele, darubini mpya. Nikamwendea nikipita katikati ya vitwitwi, na hawakuinuka. Neno lilikuwa ulimini. Lakini yule amelelewa. Alivua kofia, akawahi: "Shikamoo, babu." Nikaitikia, nikamwombea heri, nikarudi nyumbani nikilia, na hadi leo sijui nililia kwa kukosa au kwa kuokoka.

Kwa hiyo nakuonya, hasa wewe uliyesoma na unayependa kuitwa mkubwa. Ukimwona mzee matopeni, jua likiwa utosini, na ndege wametulia miguuni pake, usingoje akuheshimu. Mwamkie wewe kwanza, upesi. Akikuwahi, funga mdomo wako uondoke, akuite bwana mkubwa, akuite daktari, akuite vyovyote. Huenda ni mzee mwingine wa huko. Huenda ni mimi, na sitakuahidi kwamba nitanyamaza.