Diski ya Zamani ya Mwalimu Linah

Linah Chepkorir alifundisha kemia, na kwa miaka sita meza yake ilikuwa kando ya yangu katika chumba cha walimu. Kwao ni Moiben, binti wa wakulima, wa kwanza katika familia yao kufika chuo kikuu. Alikuwa mtu wa kuamini watu, wa kusahau simu kila anapokaa. Alipoachana na mumewe Kiprono hakumsema vibaya. Aliniambia tu, "Nilichoka kuulizwa nilikuwa wapi." Akabeba nguo, vitabu na laptop yake, akapanga nyumba ya vyumba viwili Yamumbi.

Kiprono hakumfuata, wala hakutuma wazee. Alimwandikia ujumbe mara mojamoja, maneno machache, kwa adabu.

Wa kwanza ulisema: "Pole kwa kukosa ile kazi ya Kisumu." Linah alikuwa ameomba kazi hiyo bila kumwambia mtu, hata mimi. Wa pili ulifika Jumapili jioni: "Swali la saba kwenye mtihani wako lina kosa." Mtihani wenyewe ulikuwa haujachapishwa. Ulikuwa kwenye laptop, mezani kwake, na bado alikuwa akiuandika.

Kesho yake alinionyesha ule ujumbe. "Emmaculate, nimeangalia," alisema. "Ni kweli, kuna kosa."

Alibadilisha nenosiri la barua pepe. Baada ya siku mbili Kiprono akaandika: "Hilo jipya ni refu sana, utalisahau."

Jumamosi nilimpeleka mjini kwa Mabonga, fundi wa kompyuta mwenyeji wa Bungoma, aliyekodi chumba juu ya duka la dawa za mifugo. Linah aliona haya kueleza mambo ya nyumbani, akasema tu kwamba mashine imekuwa nzito. Mabonga akaiwasha, akakaa nayo karibu nusu saa. Kisha akazima intaneti ya chumba chake chote, akakata kipande cha plasta na kukibandika juu ya kamera.

"Mwalimu, nani mwingine hutumia hii laptop?"

"Hakuna."

"Kuna programu imefichwa hapa ndani. Kila kitu unaandika, inatuma kwa mtu. Kamera pia anaifungua akitaka. Na haikuingia kwa mtandao. Mtu alikaa na hii mashine mkononi akaiweka."

Nikamwona Linah anashusha mabega. "Ni mume wangu," alisema. "Lazima aliiweka nikiwa bado kwake."

"Ulitoka kwake lini?"

"Januari."

Mabonga akatugeuzia kioo. Programu ilikuwa imewekwa tarehe sita Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi.

Machi Linah alikuwa ameshahamia Yamumbi. Saa tano asubuhi huwa darasani. Mlango wake haukuwahi kuvunjwa.

Huko chini tulisikia mteja akiuliza dawa ya kupe.

"Naweza kuifuta," Mabonga alisema, "lakini siwezi kukuapia kwamba imeisha. Wacha tutoe diski yote, tuweke mpya, uanze na mfumo safi. Hii ya zamani usiitupe. Huo ni ushahidi."

Aliipindua mashine, akafungua skurubu moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya karatasi nyeupe. Diski ilitoka, nyembamba, ndogo kuliko kiganja. Akaipiga picha pamoja na namba zake, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, na sote watatu tukatia sahihi mahali pa kufungulia.

"Na picha zangu?" Linah aliuliza. "Za baba, kabla hajafariki. Na noti za miaka yote."

"Leo hakuna kitu kinarudi, Mwalimu. Hata flashi yako usiichomeke. Tukirudisha vitu vya zamani, tunaweza kumrudisha na yeye."

Hapo ndipo Linah alipolia.

Mfumo mpya ulipomaliza kujipanga, ulimwomba aandike jina lake. Alitazama lile swali kwa muda, vidole vikiwa juu ya herufi, kama anayeogopa kujibu. Mwisho aliandika herufi moja tu.

Tukaenda Yamumbi moja kwa moja. Mama Seline, aliyetunza ile ploti ya nyumba za kupanga, alikuwa akianua nguo. Linah alimsalimia, akamwuliza kama kuna mtu aliyewahi kuingia kwake.

"Si yule ndugu yako?" Mama Seline alijibu. "Kijana mpole hivi. Alisema umemtuma karatasi za shule, nikamfungulia na ule ufunguo wa ziada. Hata nilimpelekea chai."

"Alikuja mara ngapi, Mama?"

Mama alifikiri, nguo zikiwa begani. "Mara tatu. Ya mwisho ilikuwa juzi, Alhamisi."

Linah hakulala pale tena. Usiku huo alilala kwangu, na Jumatatu tulipeleka bahasha kituo cha polisi, kwa afisa wa kike aliyesikiliza mpaka mwisho. Vitu vyake vilitolewa na walimu wanne, mchana kweupe. Akahamia Kesses, katikati ya vyumba vya wanafunzi, ambako taa na kelele haziishi.

Kesi ilipoanza, Kiprono alifika na suti iliyopigwa pasi vizuri, akakana kila kitu kwa upole. Hakimu alimkataza kumkaribia Linah, kumpigia au kumwandikia mpaka kesi iishe. Ametii. Hakuna ujumbe uliokuja tena, na Linah ananiambia kimya hicho anakisikiliza kwa makini kuliko alivyosoma yale maneno. Mitihani sasa huiandika kwa kalamu kwanza.

Mwezi uliopita Mabonga alinipigia. Kiprono alikuwa amepanda kule juu kwake, bila laptop, bila chochote mkononi. Jina la fundi alilipata kwenye karatasi za kesi. Alikaa kwenye benchi la wateja karibu saa nzima. Aliuliza kama biashara inaenda vizuri, na kama Mabonga hufunga peke yake jioni. Alipoinuka alimshika mkono na kusema, "Ulifanya kazi safi."

Mabonga aliandika yote hayo siku hiyohiyo, akatia sahihi, na Linah akampelekea afisa. Nilimwuliza fundi kama angependa kujitoa kuwa shahidi kwenye kesi, kwa maana ana watoto.

"Nimeitwa tarehe kumi na tisa, saa tatu," alisema. "Mwambie Mwalimu nitakuwepo."