Mzee wa Nyuki na Mkewe

Mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki ya viungo, mzee mmoja alikuwa akikunja na kukunjua magoti ili sote tuone.

"Ni nyuki," akatuambia. "Kuna jamaa huku mtaa wa Umoja anawashika kwa kibanio, wanakudunga pale pale penye baridi yabisi. Mimi nilikuwa natambaa."

Kando yangu alikaa mama anayeshona shanga kwenye viatu vya ngozi kule soko la Kariokor. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, sindano haishikiki, na kazi ilikuwa karibu kumtoka. Akasimama. "Basi haya madawa ya nini? Baba, nielekeze kwa huyo mtu."

Mke wa mzee, ambaye alikuwa akila njugu kando yake, akamvuta sketi. "Keti, mama. Anadungwa na nyuki, sikatai. Lakini vidonge vya hapa anameza, tena namsimamia mpaka apanue mdomo nione. Na juzi hao nyuki walimvimbisha uso, tukamkimbiza hospitali."

"Mama watoto, hayo ni ya nyumbani," mzee akanong'ona.

"Na magoti umeyaacha nyumbani?"

Mama wa shanga akacheka, akaketi, na alipoitwa kwa daktari akaingia.

Jana nilimpata Kariokor anashona, polepole, lakini anashona. Mhubiri wetu husema umbeya ni dhambi, nami namheshimu. Ila kwa umbeya wa yule mke nimemshukuru Mungu kwa kupiga magoti, na haya yangu mnajua yanavyouma.