Vikaratasi vya Kiswahili

Mlango wetu wa Abu Hamour, hapa Doha, haujawahi kunyimwa karatasi za matangazo. Ukirudi kazini unakuta pizza imening'inizwa kwenye kitasa, wasafishaji wa viyoyozi wamechomekwa chini ya mlango, na wahamishaji wamejipachika katikati, utadhani nina mizigo. Nilikuwa nikizikunjakunja zote bila kusoma na kuzitupa kwenye pipa la korido huku nikisonya. Mwenzangu wa chumba, msusi kutoka Kisumu, alikuwa akinicheka.

"Dada, unagombana na karatasi. Zimekukosea nini?"

Kisha zikaja zake. Meneja wa saluni anakosukia alikuwa amempa mwezi mmoja alete wateja wake mwenyewe, la sivyo kiti apewe mwingine na yeye arudishwe kwao, ambako watoto wawili na mama yake wanamtegemea. Meneja akakubali kuchapisha matangazo. Mwenzangu akaniomba niandike maneno, eti kwa sababu mimi ni mtu wa ofisi.

Mtu wa ofisi akaandika kwa Kiswahili. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nikiwaza vichwa vya kusukwa, na vichwa hivyo akilini mwangu huongea Kiswahili: rasta, matuta na laini, mkono mwepesi, kichwa hakiumi. Meneja alipofungua boksi la vikaratasi aliuliza ni nani Doha atakayesoma hayo. Karatasi za milangoni hapa ni za Kiarabu na Kiingereza. Mwenzangu alininunia siku mbili, nami nikinuniwa napika mpaka gesi inaisha.

Ikabidi nizigawe mwenyewe. Adui wa vikaratasi nikapanda ngazi za Muaither, nikazunguka mageti ya Al Thumama, nachomeka. Mlango mmoja ulifunguka, mwanamke akakichukua, akakitazama, akakitupa mbele yangu na kusonya. Msonyo ule niliufahamu vizuri. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Wiki tatu zikapita bila mteja. Mwenzangu akaanza kupanga nguo zake sandukuni, na hakuwa akinicheka tena.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi aliopewa niliketi saluni kwenye kiti cha kusubiri, ili pasionekane patupu. Akaingia mama mmoja na kikaratasi chetu kimekunjwa mara nne. Alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Al Thumama.

"Madam alikuwa ameitupa," alisema. "Nikiondoa takataka nikaona Kiswahili. Nimengoja wiki tatu nipewe ruhusa ya kutoka."

Meneja akaniuliza anasema nini. Kabla sijamtafsiria, yule mama akaendelea, taratibu, akikinyoosha kikaratasi juu ya goti.

"Miaka miwili karatasi zinakuja kwa hiyo geti. Hii ndio ya kwanza imeandikiwa mimi."

Nilishindwa kutafsiri. Yeye akafungua kitambaa, akaomba radhi kwa hali ya nywele zake. Mwenzangu akamwambia, "Usijali, mama. Kaa." Chanuo lilipopita mara ya kwanza, yule mama alifumba macho na machozi yakamtoka, nami nikajifanya nasoma jarida.

Baada ya kusukwa mistari miwili alifumbua macho, akasema kuna wenzake watatu kwenye teksi nje, wanangoja awaambie kama tangazo ni la kweli. Hilo nililitafsiri haraka.

Meneja mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwaita.